Wakwe Wamenikuta Ngazini

Leo nimeumbuka, na kosa ni langu mwenyewe: niliamini saa ya Wakongomani.

Wakwe kutoka mji wa Columbus walisema watafika saa nane kumposa binti yangu Furaha. Bon. Mimi nikaelewa saa kumi. Nani kati yetu amewahi kufika kwenye posa saa aliyotaja? Donc, kwa hiyo, saa nane kasorobo ndiyo natoka dukani na unga wa fufu, kilo ishirini. (Wageni ni sita. Nilitaka waone kwetu hakuna njaa.)

Tunakaa ghorofa ya tatu hapa mtaa wa Iroquois, huku ughaibuni, lifti hatuna. Furaha alitaka kushuka anisaidie, nikamkataza: anayeposwa habebi gunia. Nikajitwika kichwani kama zamani Uvira. Nilisahau kwamba Uvira nilikuwa na miaka ishirini, na nusu ya mwili huu.

Ghorofa ya kwanza, sawa. Ya pili, magoti yakaanza kulalamika. Kwenye kona ya mwisho ya ngazi pumzi ikaniishia kabisa. Nikatua gunia, nikakaa. Kukaa hakukutosha. Nikalala chali, nikaziba njia yote, kitenge kimepanda (msiniulize mpaka wapi). Nipumue dakika mbili tu, nikajisemea.

Nikasikia viatu. Vingi, vinapanda polepole, kwa heshima.

Saa nane kamili! Kumbe mjomba wa kijana anayeposa anaingia kazini jioni, ghalani, hana muda wa kuchelewa.

Mjomba mbele, suti na tai. Mashangazi nyuma na makreti ya soda. Kijana aliponiona akageukia ukuta, maana mama mkwe hatazamwi amelala, sembuse kurukwa. Hakuna aliyethubutu kupita.

Mjomba akauliza kwa upole kama ukoo wetu una ugonjwa wa moyo, kwa kuwa mambo hayo husemwa kabla ya posa. Nilitaka kujibu, pumzi bado haijarudi. Nikainua kidole tu, yaani ngojeni. Shangazi mmoja akaanza kukemea mapepo. Mwingine akanong'ona kwamba labda warudi Columbus wakajadiliane kwanza. Nikaiona ndoa ya mwanangu inashuka ngazi.

Ndipo mlango mmoja wa juu ukafunguka. Ni Mama Diella, jirani yangu Mrundi, asiyejua kufunika maneno. Akanitazama. Akawatazama wageni. Akasema:

"Huyu hana ugonjwa, ana uvivu. Na binti hakuurithi. Mrukeni, mpite."