Visawe Vitatu vya Kitu Kilichokaa Upande

Jumatatu, 4 Agosti

Mwaka wa kumi na moja huu kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na bado niko herufi A. Bado ni mfanyakazi wa muda. Muda gani huo wa miaka kumi na moja?

Leo Mhariri Mkuu ametuita sote wawili, mimi na jirani yangu wa meza, yule tunayemwita Nukta kwa sababu hawezi kupita sentensi ya mtu bila kuitafutia kosa. Yeye anashika herufi B. Mkuu akasema nafasi ya kudumu ni moja. Ijumaa kila mtu alete neno moja lililokamilika kwenye kadi yake. Kadi itakayopita bila dosari, mwenyewe anaajiriwa. Mwingine anashuka stoo kupanga maboksi.

Neno langu ni "askew". Maana yake ninayo: kitu kilichokaa upande, kilichoinamia pembeni wakati kilitakiwa kiwe sawa. Sikuandika "kombo." Kombo ni kitu kilichopinda, na hiki hakijapinda, kimeegemea tu. Matumizi ninayo: picha ukutani, kofia kichwani, meza sakafuni. Visawe ninavyo vitatu vizuri mno: benibeni, tenge, upogo. Mshazari nimeuacha, huo ni wa mistari na mishono.

Shida ni Kanuni ya Mwasisi. Marehemu aliyeanzisha ofisi hii aliagiza kwamba kisawe hakiingii kwenye kamusi mpaka kisikike kikitamkwa na mtu mzima, kwa kinywa chake, bila kuulizwa. Kadi iandikwe saa, mahali, mazingira ya usemi, na msemaji atie sahihi. Nina visawe vitatu na wasemaji sifuri. Nukta ameshamaliza lake. Mchana kutwa anapiga mluzi.

Lakini nimepata wazo. Watu hawasemi neno mpaka walione. Basi nitawaonyesha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewahi ofisini kabla ya wote. Nikapanda kiti, nikaisogeza picha ya Mwasisi ikalala upande. Samahani, Mzee, ni kwa ajili ya kamusi yako! Nikakaa na kalamu mkononi.

Msafishaji akaingia, akaitazama, akainyoosha kwa ufagio bila kufungua mdomo. Nikainamisha tena. Mpiga chapa akapita, akasema Mzee leo kalala. Kalala! Nitalifanyia nini hilo? Nukta akaja, akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akatabasamu, akaketi. Anajua! Ana maneno yote matatu mdomoni na anayabana kwa makusudi.

Mkuu alipotokea nikaweka kalamu juu ya kadi. Akauliza nani kamgusa Mzee. Basi, akaingia ofisini kwake.

Mchana nikabadilisha mbinu. Nikafunga vifungo vya shati vibaya, nikavaa kofia juu ya sikio moja, nikatoa kisigino cha kiatu cha kushoto, nikatembea ukumbini mara sita. Hakuna aliyesema benibeni. Mpiga chapa akaniletea maji na kiti, akaniambia kwa upole niende hospitali mapema, mjomba wake alianza hivyo hivyo. Nimerudi nyumbani kwa miguu miwili yenye urefu tofauti, maana kisigino nimekipoteza.

Jumatano, 6 Agosti

Sikuwa nimekumbuka hazina iliyo nyumbani kwangu mwenyewe! Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Kiswahili chake ni kile cha zamani, kinachotoka na mizizi yake.

Nikaomba ruhusa ya nusu siku. Mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Nikainua upande mmoja wa kabati la vyombo, nikatia matofali mawili chini, nikajifanya nasoma. Mama mkwe akaingia. Nikasimama, nikamwamkia, nikakaa mbali kama ilivyo adabu. Akalitazama kabati. Akanitazama mimi. Akasema, "Mkwe wangu, kabati lenu mbona limekaa benibeni?"

Benibeni! Bila kuulizwa! Kwa kinywa chake! Machozi yalinilengalenga. Nikaandika saa, nikaandika mahali, nikampelekea kadi kwa mikono miwili, nikamwomba atie sahihi hapo chini.

Kosa langu lilikuwa haraka. Mama wa watu akashtuka. Akauliza anatia sahihi ya nini. Nikasema ya kabati. Akauliza kwani kabati linauzwa? Akamwita binti yake kwa sauti ya msiba. Mke wangu akaja mbio, akaufunga mlango kwa kishindo, na kabati ambalo lilikuwa linasubiri sababu likafungua milango yake yote miwili. Sahani zikatoka moja moja, kwa foleni. Zile za harusi yetu. Imebaki moja, nayo ina ufa.

Mama mkwe akasema hatii sahihi karatasi ya mwanamume anayemvunjia mwanawe vyombo. Akarudi chumbani kufunga mizigo.

Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Aliokota vipande, akaniambia kwamba kila akiulizwa mumeo anafanya nini anajibu yuko herufi A. Watoto wameanza shule, wamemaliza shule, wameondoka, na baba yao bado yuko A. Akasema amechoka kunitetea. Nilisimama na tofali mkononi, na kwa kweli niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kadi ya benibeni haina sahihi. Zimebaki siku mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Sitaki tena kubahatisha. Kesho kikao kitakuwa kwenye meza kubwa ya mkutano. Watakaoketi pale ni watu wa maneno. Wakishtushwa, watatoa maneno. Mtu akishtuka hawezi kubana mdomo, hata Nukta.

Seremala wa duka la chini ameniazima msumeno. Akauliza wa kazi gani, nikamwambia ya utafiti. Wenzangu walipotoka kwenda kula, nikalala chini ya meza nikakata mguu mmoja, urefu wa vidole vitatu. Nikaweka chini yake kipande cha mbao kilekile. Meza imesimama imara, huwezi kujua. Kesho nitakisukuma kwa ncha ya kiatu. Kadi tatu nimeshazijaza tarehe ya kesho.

Nimekula chakula cha jioni kwenye sahani yenye ufa. Mke wangu kala kwenye sufuria. Nimemwambia kesho kila kitu kitakaa sawa. Akaendelea kukomba sufuria.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa nne kamili. Mkuu kichwani mwa meza, Nukta kulia, mpiga chapa anaandika kumbukumbu, mimi nimekaa karibu na mguu wangu. Nukta alikuja na sanduku lake lote la kadi za B, miaka tisa ya kazi, ili aonekane. Akaliweka wazi, karibu na chupa kubwa ya chai. Niliona. Nataka niandike ukweli hapa: niliona, nikasukuma.

Meza ikaenda. Chupa ikaangukia ndani ya sanduku, sanduku likaangukia sakafuni. Nukta akapiga yowe kwamba meza imekwenda tenge. Mkuu akaishika kwa mikono miwili, akafoka kwamba imekaa upogo, iinueni! Na mpiga chapa, Mungu ambariki, akalia kwamba leo kila kitu benibeni.

Vitatu! Kwa pumzi moja!

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika kadi zote tatu ndipo nikainua macho. Nukta alikuwa amepiga magoti kwenye dimbwi la chai, anatenganisha kadi zilizogandana. Wino ulikuwa unakwenda. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Wote walikuwa wananiangalia mimi na kalamu yangu. Mkuu akauliza imekuwaje tarehe iliandikwa kabla. Mpiga chapa akaonyesha unga wa mbao kwenye suruali yangu ya jana, ambayo ndiyo ya leo.

Nikawaomba sahihi. Ndiyo, nikawaomba! Nukta akainuka, mikono inachuruzika, akasema atatia, ila kwanza nijaze sehemu ya mazingira ya usemi, maana kadi yenye mazingira ya uongo inafutwa. Anaijua Kanuni kuliko Mwasisi mwenyewe. Nikaandika kwenye zote tatu: "Mguu wa meza ulikatwa na mwandishi wa kadi hii."

Wote watatu wakatia sahihi. Mkuu akazibana pamoja na kadi ya neno lenyewe, akaisoma mara mbili. Akasema ndiyo kadi kamili kuliko zote ambazo herufi A imewahi kutoa. Maana sahihi, matumizi sahihi, visawe vimesikika, mazingira ya kweli. Imepita. Akaipiga muhuri mbele yangu.

Kisha akanipa ufunguo wa stoo.

Jumatatu, 11 Agosti

Stoo. Dirisha hakuna. Maboksi mia mbili na kumi na nne, nimeyahesabu mara mbili kwa kukosa la kufanya. Nafasi ya kudumu amepewa Nukta, pamoja na kadi za B ambazo hazisomeki.

Nyumbani, Ijumaa ileile, nilisema ukweli wote. Mke wangu akasikiliza hadi mwisho, akauliza stoo ni herufi gani. Nikalia. Akanipa kanga nifute uso, akasema niache mambo yangu, nifanye kazi ya watu kimya kimya. Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa.

Mchana Nukta akashuka. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa na boksi la kadi zilizokauka zikajikunja, macho mekundu. Akasema anaanza upya, na amekwama kwenye "burst". Kupasuka, kufumuka, kuripuka. Kadi zake za wasemaji zimefutika zote tatu na wawili kati ya wasemaji hao wameshafariki. Nikamwonea huruma sana. Kosa ni langu, na deni langu kwake ni kubwa. Nikamwambia nitamsaidia kwa njia yoyote.

Alipoondoka nikatazama juu. Kwenye dari ya stoo linapita bomba kuu la maji, limeshika kutu, linapanda moja kwa moja hadi ofisi ya Mkuu.

Fundi bomba wa mtaa wa nyuma ameniazima spana. Aliuliza ya kazi gani, nikamwambia ya utafiti. Nimetayarisha kadi tatu safi. Nimejaza tarehe ya kesho, saa nne kamili, mahali ofisini kwa Mkuu. Nafasi ya msemaji nimeiacha wazi.