Vitabu Vitatu kwa Magunia Mawili ya Ulezi

Jumatatu, Juni 7, 1993

Upepo mkali tangu alfajiri. Vidole vimekufa ganzi, lakini kichwa kinachemka. Leo nimekuwa mkusanyaji wa vitabu vya kale!

Bwana Wilfred, Mwingereza wa mradi wa visima, anaondoka Jumatano ya wiki ijayo. Jana alinieleza ugonjwa wake: anakusanya riwaya za Kiingereza za zamani, za enzi za babu wa babu yake, zenye picha za kuchorwa. Kwao watu wazima hugombania vitu hivyo mnadani. Akasema nikimpatia seti kamili, ananiachia pikipiki yake. Pikipiki! Mimi, Adolfu, karani niliyepunguzwa kazini mwaka jana, juu ya pikipiki!

Na seti ninajua ilipo. Polikarp, muuza mitumba sokoni, ameivusha mpaka wa Zambia pale Kasesya, ndani ya robota la makoti. Riwaya moja, vitabu vitatu, kutoka nyumba ya mzungu marehemu wa Mbala. Anaviweka chini ya mguu mfupi wa meza. Mjinga!

Sikuonyesha hamu. Nilipiga miayo. Polikarp akauliza mbona natetemeka. Nikasema baridi. Akataka magunia mawili ya ulezi.

Ulezi ninao. Kwa bahati mbaya ni wa pombe ya harusi ya binti yetu Jenifer, Juni 26. Mke wangu Gaudiosa ataufungua Jumatatu ijayo, auloweke kwa ajili ya kimea. Wiki nzima! Nikishapata pikipiki, kufuata magunia mawili Matai ni safari ya asubuhi moja.

Jumanne, Juni 8

Nimehamisha ulezi Gaudiosa alipokwenda kisimani. Mahali pake nimeweka magunia mawili ya pumba. Nimeyashona vizuri kuliko yale ya kwanza.

Vitabu ninavyo! Ngozi nyekundu, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu, harufu ya sanduku la bibi. Kila picha imefunikwa kwa kikaratasi laini kama ganda la kitunguu. Mwanamke mwenye kofia ya utepe analia kwenye mvua. Mwanamke yuleyule anakunywa chai. Kiingereza chake kigumu, sijavuka ukurasa wa pili.

Orodha ya picha kitabuni inasema kumi na mbili. Nimehesabu kumi na moja. Mara nne. Ya mwanzo kabisa imekatwa kwa wembe!

Nikamrudia Polikarp. Akacheka mpaka akashikilia makoti. Aliikata mwenyewe, akampelekea mama yake kijijini Mwimbi apambe ukuta. Akasema biashara siku hizi ni huria, mnunuzi afumbue macho.

Alhamisi, Juni 10

Mwimbi, juu ya lori la mahindi. Vumbi mpaka kwenye meno.

Bibi Fransiska, mama yake Polikarp, hana makuu. Nikampa shikamoo, akanipa maharage. Kisha nikainua macho ukutani. Ndiyo hiyo! Ndani ya fremu ya kioo, kati ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na Baba Mtakatifu, maua ya plastiki juu yake: mwanamke wa kofia akitazama mbinguni. Nadhani anaangalia kama mvua inakuja. Bibi anaamini ni mtakatifu. Amemwomba miezi miwili, goti limepona. Majirani nao wanaleta mishumaa.

Nikatoa kalenda mpya ya kampuni ya mbolea, tubadilishane. Akaniuliza kama mimi ni mzima. Ndipo ulimi ukateleza: nikasema Paroko wa Sumbawanga anataka kuibariki picha hiyo. Bibi akalia kwa furaha. Akaitoa ukutani, akaifunga kwenye kanga. Ushindi! Kisha akafungasha na nguo zake. Baraka kama hiyo, alisema, hawezi kuikosa.

Tumerudi wote wawili. Amepewa kitanda chumbani kwa Jenifer. Gaudiosa anafurahi, hajawahi kuniona nikihangaikia mambo ya dini.

Jumamosi, Juni 12

Bibi nimemwambia picha iko kwa Paroko, baraka kubwa huchukua siku tatu. Iko kwa Felisiani.

Felisiani ndiye anayejalidi vitabu vya nyimbo vya kwaya yetu. Kwetu kitabu cha heshima hakiachwi kichakae. Nami nimpe mzungu vitabu vilivyopauka? Kwa uso gani? Kazi safi! Picha ameibandika kwa gundi. Ameng'oa ile ngozi nyekundu, ameweka kitambaa cheusi kipya. Amekata kingo zote zilingane, dhahabu yenyewe ilishaanza kubanduka. Vile vikaratasi vilikuwa vinaziba picha, kavitoa. Amevisokotea tumbaku. Anasema vinawaka vizuri.

Sasa vinafanana na vitabu vya maana.

Jumatatu, Juni 14

Siku mbaya.

Bwana Wilfred alikuja na pikipiki. Nikamwekea vitabu mezani. Akaviinua, akanusa. Akauliza ngozi iko wapi. Nikamwambia asijali, imeshakuwa viraka vya viatu. Akauliza vikaratasi. Nikasema vimevutwa.

Akaketi juu ya kinu. Akasema polepole kwamba vitabu hivyo vilivuka bahari, vikaponea mchwa na vita viwili, vikaja kushindwa na Jumamosi moja ya Sumbawanga. Vingebaki na uchakavu wake, pikipiki ingekuwa yangu. Uchakavu! Nani anatamani uchakavu?

Wakati huohuo Bibi Fransiska akafunua kitabu aone kulikoni. Akamkuta mtakatifu wake, amegundishwa. Akapiga yowe. Na kutoka stoo akatokea Gaudiosa, konzi ya pumba mkononi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza tu, Baba Jenifer, wakwe wakija watakunywa nini? Jenifer akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia analia. Niliona aibu, hata siku ya barua ya kupunguzwa sikuona aibu namna ile.

Jumanne, Juni 15

Bibi Fransiska alidamka kwenda sokoni kwa mwanawe. Nilimfuata kwa mbali. Polikarp hababaiki hata kwa mgambo, lakini mbele ya mama yake alisimama kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi alimuuliza, soko zima likisikia, tangu lini mwanawe anakunywa harusi ya mtoto wa mwenzake. Biashara huria ikaishia hapo. Saa nne magunia yote mawili yalikuwa uani kwetu.

Vitabu kavichukua Bibi. Picha zote atawagawia akina mama wa jumuiya yake. Nilimwambia ukweli, kwamba yule ni mwanamke wa hadithi tu. Akanijibu kwamba goti lake halisomi hadithi.

Gaudiosa ameloweka ulezi. Hanisemeshi, ila ugali ameniwekea. Nimeapa: mambo ya kale, basi!

Alhamisi, Juni 17

Bwana Wilfred ameondoka. Pikipiki kaiacha parokiani. Wakati wa kuagana akataja rafiki yake wa Mbeya anayekusanya sarafu za Mjerumani.

Na jirani yangu Kasmir amefukua chungu kizima cha sarafu hizo shambani! Nyeusi, chafu, hovyo kabisa. Nimempa beberu wa harusi. Harusi bado siku tisa, muda upo.

Kosa la safari ile nimeligundua: nilimwachia fundi. Hii nafanya mwenyewe. Tangu asubuhi nazisugua kwa majivu na mchanga. Sura ya mfalme wao ilinisumbua sana, lakini imefutika. Zinang'aa kama sufuria za Gaudiosa, hazina hata alama moja!