Wateja Ishirini na Watatu wa Swichibodi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Redio imenivuruga asubuhi asubuhi. Mtangazaji kasema serikali sasa inataka kila kampuni ya simu ipeleke ripoti ya mwaka. Wateja wangapi, mapato kiasi gani, laini zilikatika mara ngapi. Nikakaa wima. Mimi ni kampuni ya simu! Leseni iko ukutani, na muhuri wake. Akaendelea: kampuni zenye wateja wasiofika ishirini... Hapo maziwa yakafurika jikoni. Nikakimbia. Kurudi, wameshaingia habari za mpira.

Sihitaji kusikia mwisho wake. Mdogo hufanywa nini na wakubwa? Hufutwa. Na mimi wateja wangu ni kumi na mmoja.

Kiwanda kilipofungwa kilishindwa kumlipa marehemu mume wangu kiinua mgongo. Kikampa swichibodi, ubao wenye matundu na nyaya za kuchomeka, pamoja na nguzo zote za mtaa wa wafanyakazi. Watu wakacheka. Yeye akaenda kukata leseni. Akapanda nguzo, mimi nikakaa kwenye ubao. Darasa la nne tu nilifika, lakini hakuna aliyejua kuchomeka kama mimi. Enzi zile foleni ilifika hadi kwa muuza mkaa.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, keshasema. Siku ofisi ikifungwa, nahamia kwake, ghorofa ya tano. Nyumba nzuri, sikatai. Ina kochi jeupe. Nilikaa pale wiki nzima mwaka jana, nikawa najua milango ya lifti kwa sauti zake. Ya kushuka inalia zaidi.

Siendi! Lazima nipate wateja tisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Stoo zimelala simu za kiwanda, zile nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa. Nyaya bado zinapita juu ya nyumba zote. Nimemwita Fundi Saa, jirani yangu, anayetengeneza saa mpaka leo ingawa hakuna anayevaa. Kapangusa, kakaza skrubu, kasema hizi hazifi, labda uzizike.

Nikaanza mlango kwa mlango. Nikaanzia kwa Mama Mapacha kwa sababu hajui kukataa. Akakataa. Ana simu tatu za mkononi, ya nne ataishika kwa meno? Nikamwambia hii haichajiwi, haiibiwi, na ukikasirika ukaibamiza mtu anasikia kwamba umekasirika. Akafikiri kidogo. Akauliza kama ya mama yake mzazi nayo itakuwa bure, yule bibi wa nyumba ya mwisho asiyeona tena, hawezi hizi za kuparaza kioo. Bure! Kila kitu bure! Nilikuwa na roho juu, ningempa hata cherehani yangu.

Kufikia jioni nimepata kumi na wawili. Jumla ishirini na watatu. Nimezidisha kidogo, ya akiba si mbaya.

Bwana Vocha alikuwa mlangoni pa duka lake ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni. Anauza muda wa maongezi na soda za moto. Siku zote anakitolea macho chumba changu, anataka kuweka jokofu. Kauliza kwa sauti ya mtaa mzima, mama, umefungua makumbusho? Kiingilio shilingi ngapi? Nikamwambia wa kale ndio waliomzaa wa leo, ingawa wengine walipozaliwa wa kale walijuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ofisi ya serikali inayosimamia simu. Nimevaa gauni la harusi ya mwanangu. Dirishani binti mmoja mpole, kanikalisha, kaniuliza nina wateja wangapi. Nikavimba kama andazi. Ishirini na watatu!

Akanipa mzigo wa makaratasi nusu ya tofali.

Kumbe ripoti si mchezo. Wanataka kila simu iliyopigwa. Wanataka mali zote na thamani zake, hata kiti ninachokalia, na kimechakaa kiasi gani. Nikamwambia hicho kiti tumechakaa pamoja, anatuandika vipi? Kacheka, lakini hakunisamehe.

Halafu hesabu. Kwa kuwa chumba kile kile nashona nguo, lazima hesabu za simu zitengwe na za cherehani. Cherehani ikitumia simu, iilipe simu. Simu ikitumia kivuli cha cherehani, ilipe vile vile. Nikadhani ananitania. Hatanii.

Mwisho, malalamiko. Wanataka malalamiko yote ya wateja na yalivyotatuliwa. Nikasema kwa majivuno kwamba sina hata moja. Sura yake ikabadilika. Kasema, mama, kampuni isiyo na malalamiko ama haina wateja, ama inaficha. Wakubwa zake wakiona sifuri watakuja na darubini.

Njiani nilikuwa najiuliza. Nitayatoa wapi malalamiko?

Jioni nimempigia muuza vitambaa. Nikatoa hela mfuko wa kulia, wa cherehani, nikatia wa kushoto, wa simu. Baadaye nilishona kitambaa cha kufunikia swichibodi, kushoto kukalipa kulia. Sasa kulia kunadai. Mifuko ya gauni moja imeanza kununiana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezunguka kuomba malalamiko. Kazi ngumu kuliko kuomba mchango! Kila mtu kanionea haya. Wewe ni mzazi wetu, tukulalamikie kwa lipi? Nimewaita wote wakae kwenye benchi langu la zamani, nimewamiminia chai, nimewabembeleza. Semeni, wanangu. Nilaumuni. Mmoja kasema chai haina sukari. Nikamwambia hiyo haihusu mawasiliano.

Ndipo Mama Mapacha kakohoa. Kasema basi, kwa kuwa nimeomba mwenyewe, zamani nilikuwa nikisikiliza maongezi. Alijua kwa sababu nilikuwa nikicheka mahali pa kuchekesha.

Lo! Bwawa likapasuka. Kwamba nilimwambia mtu bei ya bati kabla hajamaliza kuuliza. Kwamba nilimkatia kijana mmoja nikamwambia huyo msichana hakufai, na kweli hakumfaa, lakini uamuzi ulikuwa wake. Kwamba simu ya msiba niliisindikiza kwa kilio mpaka wafiwa wakanibembeleza mimi. Walikuwa wanalalamika huku wanacheka, wanapigana mabega, unakumbuka, unakumbuka? Wengine wamefuta machozi kwa khanga. Mimi naandika, mkono unaniuma, mwandiko wangu wenyewe kama kuku kapita.

Mwisho kasimama Fundi Saa. Hakucheka. Kasema mwaka wa mvua kubwa alikuwa akimposa binti wa mji wa pili kwa simu yangu. Kafika kwenye neno lenyewe, nikachomoa waya. Msichana akadhani yeye Fundi ndiye aliyekata kwa kughairi. Barua zake hakujibu tena. Ndiyo maana mpaka leo anapikia sufuria moja.

Benchi zima likanigeukia.

Nikasema siku ile mkunga alikuwa akitafutwa kufa na kupona, laini ya kwenda mjini ilikuwa moja, na dharura ni dharura. Nani? wakauliza. Nani alikuwa akijifungua? Nikamwonyesha Mama Mapacha kwa kidole. Wawili! Mmoja katanguliza miguu!

Wakatazamana, yeye na Fundi Saa. Muda mrefu. Mama Mapacha kasema pole, kaka. Fundi Saa kasema si neno, vijana wamekua wazuri.

Nimeandika: lalamiko limetatuliwa.

Jumapili, 9 Machi

Niandike upesi, ubao unaita.

Unaita! Vile vifuniko vidogo vya shaba vinaanguka, ta, ta, ta, kama zamani. Nilidhani watu watazipokea simu zile kwa kunihurumia na kuziwekea vitambaa juu. Kumbe Mama Mapacha anaongea na mama yake asubuhi, mchana na jioni. Bibi anashika mkonga kwa mikono miwili, anasema ni mara ya kwanza tangu macho yaondoke kupiga simu bila kumwomba mtu. Anachofanya ni kuinua tu, mimi namjibu, namwuliza, nikuunganishe na nani, mama? Anajua fika kwamba anaongea na binti yake tu. Lakini anapenda kuulizwa.

Chumba kinanuka kama enzi zile, vumbi la moto na shaba. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka nguzoni na mikono ya lami, anakaa kwenye kile kiti cha pili, ananitazama nikichomeka. Anasema mikono yako inacheza kinanda. Hakuwahi kuona kinanda. Na mimi pia. Leo nimechomeka saba kwa mpigo na nikageuka kumwonyesha. Kiti kina mafurushi ya nguo za watu.

Binti yangu kanipigia, laini ikawa na watu. Mara ya kwanza miaka mingi! Alipopata nafasi kaja juu, kasema alidhani nimeanguka bafuni. Nikamwambia nina kazi, mwanangu, piga baadaye. Nimejisikia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Nimejipalia makaa.

Ripoti nilipeleka jana. Leo kaja mkaguzi wa ofisi ya serikali, baba mwembamba mwenye viatu vya vumbi. Nimempa kiti, kakikagua kwanza, maana kimo kwenye orodha ya mali. Kasoma malalamiko yote. Pale pa kusindikiza msiba kajifanya anapiga chafya. Kasema miaka yote aliyofanya kazi hajapata kuona malalamiko yaliyoandikwa kwa upendo namna ile, ingawa mengi ni ya kabla yeye hajaanza shule, kwa hiyo hayahusu mwaka huu.

Kisha kaniuliza, kwa upole, kwa nini nimejitia kwenye taabu hii.

Nikamweleza redio. Akaweka kalamu chini. Kampuni zenye wateja wasiofika ishirini, mama, zimesamehewa. Hazileti ripoti. Hazitengi hesabu. Zinalipia leseni tu, basi. Ni wenye ishirini kwenda juu wanaotakiwa ripoti kamili, tena ipitiwe na mkaguzi wa hesabu mwenye cheti.

Nikauliza huyo wa cheti analipwa kiasi gani. Kanitajia. Nikauliza tena, labda kakosea. Hakukosea. Hata nikiuza ubao, nguzo na mimi mwenyewe, hazitoshi. Na asipopatikana? Leseni inafutwa mwisho wa mwezi.

Yaani nilikuwa salama nimekaa! Nikainuka kwa miguu yangu kwenda kuitafuta ghorofa ya tano!

Nadhani sura yangu ilimtisha. Kasema karatasi yangu bado haijapigwa muhuri. Alhamisi atarudi kuhesabu laini, na atakachoandika ni laini zilizoungwa siku hiyo, si zilizosemwa. Kanitazama. Karudia, laini zilizoungwa. Kanywa maji, kaaga.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita kuzirudisha simu nne tu. Ishirini na watatu, toa nne, kumi na tisa. Rahisi.

Hakuna anayetoa! Watu wale wale niliowapigia magoti! Kila mmoja ananielekeza kwa jirani yake. Mchukulie yule, hana ndugu. Mchukulie huyu, ndugu zake wote wamemchoka. Kwa bibi sikupita mlangoni, nilisimama nje tu. Nikamsikia anasema kwenye mkonga, haloo, niunganishe, mama, upo? Kiti changu kilikuwa kitupu. Nilirudi mbio, khanga mkononi.

Kukaa tu, kaingia Bwana Vocha. Nikajua kaja kupima chumba. Kumbe anataka simu. Kasema kwa kunung'unika kwamba siku hizi habari zote zinapita juu kwa waya, dukani kwake hakuna anayesimama kuongea, jana kasikia habari ya ajali saa nzima baada ya wote. Nimemnyima! Raha niliyoipata hata leseni ikifutwa nitakuwa nayo.

Jioni Fundi Saa kaja na bisibisi na wazo. Nyumba mbili zinaweza kukaa kwenye laini moja. Mmoja akiongea, mwenzake anangoja, au anasikiliza, shauri yao. Nyumba nane, laini nne. Nimembusu kwenye paji la uso.

Nyumba za kuunga kazichagua mwenyewe. Yake kaifunga na ya Mama Mapacha. Sikuuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaguzi kahesabu. Kidole chake kikitembea ubaoni nimesoma dua zote ninazozijua na nyingine nimezitunga. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kapiga muhuri. Nimesamehewa ripoti, nimesamehewa mkaguzi wa cheti, na leseni ni ya mwaka mwingine!

Mlangoni kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kaniomba, kama mwanangu, nitulie hapo hapo. Chini ya ishirini, mama. Usiongeze hata mmoja. Nikamwapia. Nikamwambia nimepata fundisho langu, mimi na wateja zaidi basi.

Binti yangu kasikia, kashusha pumzi, sijui ya furaha au ya kuchoka. Kasema kochi lipo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi wamekuja watu sita wa mtaa wa pili, ng'ambo ya mfereji. Wamesikia. Mmoja mama yake haoni kama yule bibi. Utamwambiaje hapana mtu wa namna hiyo? Wa saba kwenye foleni ni Bwana Vocha, kavua kofia.

Nikawaambia wangoje. Nikakaa kitini, nikafikiri vizuri, bila haraka. Sheria inasema kampuni isifike ishirini. Haikusema mtu awe na kampuni moja.

Kwa hiyo mtaa wa pili ni kampuni nyingine. Ubao ule ule, mikono ile ile, gauni nitaliongezea mfuko wa tatu. Leseni yake nitaiandikisha kwa jina la kifungua mimba wangu. Fundi Saa keshapanda nguzo.

Binti bado sijamwambia. Atafurahi sana.