Marehemu Hapigi Kura

Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwa fahari kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu taifa lizaliwe, hakuna marehemu atakayepiga kura. Mimi, Msimamizi wa Daftari la Wapiga Kura wa jimbo letu, nilikabidhiwa jukumu la kutenganisha wazima na wafu. Nilipewa meza, mhuri, na kabati la chuma lisilofungika.

Kanuni yenyewe aliibuni mbunge wetu, Mheshimiwa, kwa uchungu mkubwa wa kidemokrasia. Uchaguzi uliopita, vijana wanaofanya kazi mbali walirudi siku moja tu, wakapiga kura zao mbili kama sheria inavyotaka, moja ya rais na moja ya mbunge, na nusura wamng'oe. Sasa kanuni ikasema: mtu ambaye hajaonekana jimboni miaka mitatu, na majirani wawili wakatia sahihi, ahesabiwe amefariki. Vijana walipoanza kutuma picha zao kwa simu, Mheshimiwa akaongeza kifungu: picha, bango na sauti ya redio si kuonekana.

Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimeua watu elfu nne na mia mbili bila lalamiko hata moja, maana marehemu wana nidhamu. Wa kwanza kulalamika alikuwa mama mkwe.

"Mkwe wangu," alisema, akiweka mkoba wake juu ya meza, "nasikia nimekufa."

"Ni kweli, Mama. Pole sana."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Daftari halionyeshi ugonjwa, Mama. Linaonyesha kutoonekana."

"Si nilikuwa mbali nalea wajukuu! Mkeo hakukwambia?"

"Nyumbani aliniambia. Ofisini sikuwa na taarifa."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kumkatalia mama mkwe si jambo dogo; jioni ile nilijipakulia chakula mwenyewe. Lakini sheria ni msumeno. Nilimweleza kwamba marehemu mwenye pingamizi hufika mwenyewe ndani ya siku kumi na nne, pamoja na mashahidi wawili waliomwona kwa macho. Akapanga foleni siku tisa na marehemu wenzake, akiwasomea fomu wasiojua kusoma. Siku ya kumi nikamgongea mhuri wa uhai.

Hakuondoka.

"Nipe na fomu ya kutoonekana," alisema. "Nina jirani yangu."

Jirani mwenyewe alikuwa Mheshimiwa. Ghorofa lake limepakana na ua wa mama mkwe, madirisha yamefungwa tangu alipoapishwa. Hata kampeni alikuwa akiziendesha redioni. Mahali palipoulizwa "Ulimwona lini mara ya mwisho?" mama mkwe akaandika: Kwenye bango. Sahihi ya pili ilitoka kwa mlinzi wa ghorofa hilo, ambaye kwa kulala kibanda cha getini naye ni jirani.

"Hata wewe humwoni?" nilimuuliza.

"Mzee, mshahara unakuja kwa simu, amri zinakuja kwa simu. Akipita hapa sasa hivi nitamuuliza ana shida gani."

Nilisoma kanuni mara mbili. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa wabunge". Nikampelekea ilani nyumbani kwake jimboni, kama inavyotakiwa. Ilikaa chini ya geti siku kumi na nne, kisha nikagonga mhuri.

Siku ya uchaguzi Mheshimiwa aliwasili na waandishi wa habari, kidole kimeshanyooshwa kusubiri wino. Karani wa kituo akapekua daftari.

"Jina halipo, mzee."

"Unajua mimi ni nani?"

"Ndilo hilo tunalotafuta."

Nikaitwa. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, kwamba mgombea lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, na kwamba kura zake zote zitahesabiwa pamoja na zilizoharibika.

"Nani aliandika upuuzi huu?" alinguruma.

Nikamwonyesha sahihi yake.

Ubunge hauhitaji nusu ya kura. Anayeongoza ndiye mshindi. Akashinda mkunga wa zahanati, ambaye hakuna kiongozi aliyewahi kumtilia maanani. Urais ndio unaohitaji zaidi ya nusu, na Rais aliishia asilimia arobaini na nane, kwa hiyo wananchi watarudi kwa duru ya pili. Mheshimiwa alipopiga simu Ikulu, akajibiwa kwamba Rais anazungumza na mbunge mpya, anamwomba amtafutie kura jimboni, na kwamba rambirambi zitatumwa kwa familia.

Kesho yake asubuhi alikuja ofisini kwangu, peke yake, na fomu ya pingamizi mkononi. Foleni ya wanaojiandaa kwa duru ya pili ilikuwa imefika mlangoni.

"Jamani, ndugu zangu," alisema, "hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniona?"

Watu walimtazama juu mpaka chini, kwa adabu kabisa. Kisha mlinzi wa ghorofa lake, aliyekuwa amefuata kitambulisho chake cha kupigia kura, akasogea kwenye benchi na kumpisha.

"Kaa, mzee," alimwambia. "Pole na msiba."