Goti Yangu na Goti ya Muchezaji wa Mutshatsha

Ninyi bijana mutakaosoma hii kaye yangu ya kuandikia, mukae sawasawa kwanza. Leo nimeaibika. Tena mbele ya Musonoi nzima.

Asubui jirani yangu, Mama Ngalula, analeta habari: "Ekipe yetu ya mupira inasainisha muchezaji wa Mutshatsha leo. Lakini anachechemea!"

Anachechemea! (Na jana nilitoa jogoo yangu ili apokelewe muzuri. Jogoo ya miguu mbili mizima.) Siku ya Mungu tunacheza na ekipe ya Fungurume. Nikasema hapana. Hata ukinunua mbuzi, unapapasa miguu kwanza.

Nikafika pa kona ya kiwanja. Kule ngambo, prezida wa ekipe ananyoosha karatasi ku meza, kijana ameshika kalamu. Nikakunja kikwembe ya kiunoni mupaka magoti. Nikakimbia. Nikaruka mufereji. Nikakata kiwanja yote, kutoka goli mupaka goli.

"Acha kalamu! Hii ni ekipe ao ni lopitalo ya bagonjwa?"

Prezida akanijibu na heshima: "Mama, goti iliteguka tu. Munganga alisema itapona. Ekipe inaweza kusainisha mutu mugonjwa, sisi wenyewe tukikubali. Tukingoja apone, ba Fungurume batamubeba."

"Eh, akili gani hii! Basi mukanunue na motoka bila magurudumu. Magurudumu itaota mu njia."

Batu bakacheka. Nikajisikia muzuri sana. (Pale njo ningenyamaza. Mi na kunyamaza hatujuane.)

"Mutu wa goti mubaya hana kazi hapa! Akae kwao!"

Sasa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, akainuka. Alikuwa ameikala pale pale ku meza, shahidi wa karatasi. Macho yangu ilikuwa ku kijana tu, sikumuona. Akatoa kaye yake ya salongo, ile kazi ya kufagia barabara na kuchimba mifereji kila siku ya posho, jumamosi. Akafungua polepole.

"Mama Kapinga. Tangu mvua ilianza, kila siku ya posho ninakuandika hapa: anabaki nyumbani, goti. Hawezi kusimama."

Nikaanza kuchechemea palepale.

"Ni ya kuume, mama," shefu akasema. "Unachechemea ya kushoto."

Lo! Kijana wa Mutshatsha, mutu wa haya, akanisukumia kalamu: "Tata prezida, karatasi mupatie mama. Mi sijaona mutu kuruka mufereji vile."

Kicheko ilifika mupaka ku shimo ya mine, kule banachimba shaba. Kijana bakamusainisha, na goti yake. Prezida akanishukuru kwa jogoo. Asante kwake.

Nimerudi nyumbani, nimeagiza mara moja: hapa mutu asicheke, na kesho, siku ya posho, jembe yangu ya salongo iwe pa mulango mbele ya jogoo kuwika. Musikilizie ya jirani. Ya kwetu ilikuliwa.