Vikaza Cheni kwa Kiwanja cha Ufuoni

Kitonga alilisikia kabla ya kuliona: gari la michezo la zamani, jekundu, fupi kama kiatu, likiingia gereji yake pale Kombani huku injini ikikwaruza kama mtu anayetafuna changarawe. Ugonjwa aliujua papo hapo. Vikaza cheni, vile vidude vya plastiki vinavyoibana cheni ya taimingi, vilikuwa vimechoka. Ila kilichomchangamsha ni aliyeshika usukani: Mzee Mwero, dalali wa viwanja, ambaye enzi zake aliuza kisima, njia ya kuendea kisima, na makaburi ya waliokichimba. Watu hawakusahau. Kwamba hawakumfanya kitu ni habari nyingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limeanza kukohoa."

Kitonga alitega sikio kwenye boneti, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya jamaa wa mgonjwa. "Vikaza cheni, mzee. Cheni ikiruka, injini hii utawapelekea wauza vyuma chakavu. Mimi ninavyo vya chuma, vya kisasa. Lakini mali hiyo si ya kila mtu."

"Taja bei."

"Kiwanja."

Pesa za watu Kitonga alikuwa amezila mara nyingi. Alichokosa maishani ni pa kulala ambapo hakuna wa kumwambia ahame. Wazazi wake walifukuzwa kila walipopanda, na yeye hulala chini ya magari ya wateja.

"Cha ufuoni, Msambweni, kitakufaa?" aliuliza Mwero bila kupepesa.

Kitonga alijibana mbavu asicheke.

Walikwenda kukiona asubuhi, saa aliyoichagua mzee. Uwanda mpana, tambarare, mchanga wenye majimaji, vigingi vya saruji vimesimama kwa adabu. Mtu mwingine angeuliza. Kitonga amekulia Kinango, ambako watu hugombea dimbwi na ng'ombe. Na kila aliposhuka Diani alikutana na kuta za mahoteli na askari wa kumuuliza anakwenda wapi, hata bahari akawa anaijua kwa harufu tu. Alichomeka kidole mchangani, kikatoka kimelowa.

"Mzee, maji yako juu hivi?"

"Wallahi, hutachimba kisima maisha yako yote."

Wala hakusema uongo.

Basi Kitonga alivifungua vidude vile vile vya plastiki, akavipaka rangi ya fedha, akamwonyesha mwenyewe vinavyometameta, akavirudisha. Kelele aliiziba kwa vipande vya godoro. Gari likaondoka kimya kama mgeni wa heshima, na hati ikabaki mfukoni mwa fundi.

Kesho yake alikuwa Msambweni na nguzo na mabati. Alikuwa anapigilia la pili alipopita Twaiba, mvuvi wa pweza, kijiti begani, anarudi nyumbani.

"Unajenga, baba?"

"Najenga, mama. Karibu."

"Mashallah. Utampangisha nani, samaki tasi au kamba?"

Kitonga alitazama miguu yake. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo. "Hili bomba la nani limepasuka?"

"La Mwenyezi Mungu. Hupasuka kila siku." Twaiba alinyoosha kijiti. "Kigingi kile ni cha mchungaji wa bara. Kile cha mwalimu. Nchi kavu Mwero aliimaliza zamani, babangu. Siku hizi anagawa bahari."

Kitonga alipiga simu, maji magotini. "Mzee, kiwanja kimeingia baharini."

"Hakikuingia, mwanangu. Kilikuwamo. Na injini yangu inanuka godoro linaloungua. Hatudaiani." Simu ikakatwa.

Bati la kwanza liling'oka, likaburutwa na maji kuelekea Pemba. Kitonga alisimama, maji kiunoni, katika ardhi yake halali. Alitamani kulia, na machozi yalikuja kweli. Kisha yakakauka, na uso wake ukapata utulivu wa ajabu.

"Mama, maji haya hutoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi hasa?"

Twaiba alimkazia macho asimjibu. Zamani, kijana Mwero alipoliuliza swali hilo hilo, wavuvi walimjibu.