Machungwa Chapwa ya Likoni

Gershom alilitema chungwa, kisha akalitazama kwa heshima.

Ilikuwa mwaka 1988, uani kwa Bi Mwanasaumu huko Likoni. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli kuomba maji, akapewa chungwa. Kwa macho lilikuwa zuri, limejaa maji, lakini utamu haukuwamo kabisa.

"Yote yako hivi, bibi?"

"Michungwa mitatu, mwanangu, na yote chapwa. Kima wakija huonja moja, wakanitazama vibaya, wakaenda zao."

Mtu mwingine angecheka. Gershom alikuwa na cheti cha sayansi cha shule ya usiku, na mwenye cheti hacheki ovyo. Alikuwa amesoma gazetini kwamba wataalamu wa ng'ambo wanazalisha matunda yenye sukari kidogo kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa sukari. Wataalamu wale walihitaji maabara na miaka mingi. Yeye alihitaji kikapu, na bibi alimjazia kimoja bure. (Najua alivyowaza siku ile kwa sababu kichwa chenyewe bado ninacho, ni nywele tu zilizokihama.)

Nyumbani Frere Town alichonga muhuri kwa soli ya kandambili, akauchovya kwenye wino wa kijani, akapiga kila chungwa: SALAMA 7. Ulipomuuliza zile SALAMA sita za kwanza zilikwenda wapi, alijibu kwa huzuni, "Zilishindwa katika majaribio."

Akaenda kwa Mzee Yeslam, mwenye duka la nafaka Kisauni, ambaye mkewe, Bi Zubeida, alikuwa akiugua sukari.

"Shikamoo, mzee. Nimemletea mama matunda ya kisayansi."

"Marahaba. Ndiyo matunda yaliyosoma?"

"Yamezalishwa vizazi saba, mzee. Sukari imetolewa kidogo kidogo."

"Wallahi? Na hiyo iliyotolewa mmeiweka wapi?"

Gershom alikohoa. "Hiyo iko idara nyingine."

Mzee Yeslam alimenya moja, akala kipande, akafumba macho. Akala cha pili taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo.

"Nitachukua yote, msimu mzima," alisema. "Na wagonjwa wote kutoka hapa mpaka Bamburi nitakutafutia mimi. Ila niletee hati kwamba miti ni yako."

Gershom alirudi Likoni mbio. Safari hii Bi Mwanasaumu hakuwa mpole. Aliitaka baiskeli ndipo aiachie miti.

Sasa, baiskeli ile ndiyo ilikuwa mali yake yote. Kwayo alifanya vibarua, kwayo alikwenda kuposa, na bila hiyo hakuna aliyemwita bwana. Alisita kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha akaandika hati, nakala mbili, kwa mwandiko wa kulala, akampa bibi atie kidole gumba.

Alichuma siku tatu, miiba ikamchana mikono, akapiga muhuri chungwa kwa chungwa. Akakodi mkokoteni, akavuka feri, akausukuma mwenyewe hadi Daraja la Nyali na kupanda nao mpaka Kisauni. Mzee Yeslam aliamuru mzigo uingizwe ndani, ndipo akaisoma hati.

"Mwandiko mzuri. Lakini miti umenunua kwa Bi Mwanasaumu."

"Ndiyo, mzee. Imo shambani mwake."

"Shamba ni lake. Michungwa je?"

Pwani nzima, mtoto anayetambaa anajua kwamba shamba linaweza kuwa la huyu na mti uliomo ukawa wa yule, na mnunuzi huuliza mara mbili. Gershom, mzaliwa wa hapahapa, aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Lakini shule ya usiku ilimpa elimu mpya nyingi hata ile ya zamani ikakosa pa kukaa.

"Michungwa aliipanda baba yangu," alisema Mzee Yeslam. "Miaka arobaini sijapata mnunuzi wala mchumaji. Nilipoonja chungwa lako nikalijua papo hapo. Nikampelekea Bi Mwanasaumu salamu."

"Salamu gani?"

"Kwamba utarudi, na kwamba una baiskeli nzuri."

Bi Zubeida alitokeza nyuma ya pazia. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, daktari aliniambia nisiuamini ulimi, tunda chapwa nalo lina sukari yake. Mwaka jana nilibebwa sijitambui. Ulitaka kuniua kwa muhuri wa kandambili? Mistari ya soli hii hapa."

Katika hesabu zote za Gershom, mgonjwa hakuwa amemtia hata mara moja.

"Chukua kitambaa," alisema Bi Zubeida. "Futa mihuri yote. Mume wangu atayauza kwa jina la kweli, chapwa, kwa wanaotaka."

Alifuta SALAMA hadi adhana ya alasiri, vidole vikawa kijani. Kisha akatembea mpaka Likoni kudai baiskeli.

Bi Mwanasaumu alimkaribisha vizuri, akamletea nakala yake. "Hebu nisomee, mwanangu. Mimi macho hayaoni."

Gershom akasoma: *Mali iliyokabidhiwa haitadaiwa tena kwa hali yoyote, hata kukitokea udanganyifu.* Maneno hayo aliyatia mwenyewe, asije bibi akaitaka miti yake siku atakapomwona tajiri. Alitafuta kosa, hata la nukta. Hakuliona.

"Wasoma vizuri, mashallah," alisema Bi Mwanasaumu, akijifunga leso kiunoni. "Haya, nishikie baiskeli kwa nyuma, nijifunze kupanda."

Naye akaishika.